Matema, Lyulilo na Ikombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vyungu vya Wakisi na ncha ya Ziwa Nyasa

Ukishasema umetoka Matema, maswali huja kwa mpangilio ule ule: ni wapi huko, mamba wapo, na kile chungu nyumbani kwako kimetoka wapi. Nimeyakusanya hapa yanayojirudia zaidi. Tumeanza na mahali, tukaenda kwa watu, halafu vyungu vikachukua nafasi kubwa kuliko vyote, na ndivyo inavyostahili.

## Mahali penyewe

1. Matema iko wapi hasa?

Iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya. Simama ufukweni ulitazame ziwa: mkono wako wa kushoto kuna mlima unaoshuka mpaka majini bila kupumzika, na mkono wa kulia kuna tambarare ya Kyela yenye mpunga, migomba, michikichi na kakao. Hiyo picha ya pande mbili ishike, kwa sababu karibu kila jibu lililo chini linairudia.

Lyulilo ni kijiji kinachofuata upande wa mlimani, mwendo wa kilomita kama mbili kwa miguu ukifuata ufukwe. Ikombe iko mbele zaidi, kwenye rasi, mahali ambapo mlima umebakiza ukanda mwembamba tu wa nchi kavu. Matema wanaishi zaidi Wanyakyusa. Ukishafika Ikombe uko kwa Wakisi.

2. Ni Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi?

Tanzania ni Nyasa, Malawi ni Malawi, na Msumbiji ni Niassa. Neno lenyewe "nyasa" limetokana na lugha za kusini ya hapa na maana yake ni maji makubwa, yaani ziwa. Kwa hiyo tunaposema "Ziwa Nyasa" tunasema "Ziwa Ziwa", na hakuna anayejali.

Nyuma ya majina kuna mgogoro wa mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walisaini Mkataba wa Heligoland, na Malawi inausoma kwamba mpaka unapita kwenye ufukwe wa Tanzania. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya maziwa na mito inayogawa nchi. Kwa mama wa Ikombe anayechota maji asubuhi, tafsiri ya kwanza ina maana kwamba akilowesha miguu tu ameshavuka mpaka. Unaweza kukisia yeye yuko upande gani.

3. Ziwa lina kina kiasi gani?

Zaidi ya mita 700 mahali penye kina kirefu kuliko pote. Kwa eneo ni la tatu Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Uso wake uko mita kama 475 juu ya usawa wa bahari, maana yake sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Ni Bonde la Ufa hilo: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukazama, mwingine ukabaki juu, na huo uliobaki juu ndio mlima unaouona kushoto.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya maji hayo ya chini haina hewa ya oksijeni. Tabaka la juu na la chini hayachanganyiki ipasavyo. Samaki wote wanaishi kwenye mita mia mbili na ushee za juu, na huko chini ni giza na kimya.

4. Kwa nini milima inaitwa Livingstone? Alifika hapa?

Hakufika kwenye ncha hii. Alizunguka sehemu za kusini na za magharibi za ziwa, na jina lake lilibandikwa kwenye milima na wasafiri Waingereza waliomfuata miaka ya 1870. Watu wa chini huku wana jina lao rahisi: milima ya Ukinga, kwa kuwa huko juu, upande wa Makete, ndiko wanakoishi Wakinga. Baridi yao na joto letu vimetenganishwa na mteremko mmoja tu.

## Watu

5. Wakisi ni nani, na wanatofautianaje na Wanyakyusa?

Wakisi ni watu wa ukanda ule mwembamba chini ya mlima, kuanzia Ikombe kushuka kusini mpaka upande wa Ludewa, mkoa wa Njombe. Vijiji vyao viko mdomoni mwa vijito, kila kimoja kimejibana kati ya mwamba na maji, na kutoka kimoja kwenda kingine mara nyingi njia ya mtumbwi ni fupi kuliko ya miguu. Ni wavuvi, na wanawake wao ni wafinyanzi.

Wanyakyusa ni watu wa tambarare na wa vilima vya Rungwe: wakulima wa ndizi na mpunga, wafugaji wa ng'ombe, wenye ardhi nyeusi inayoota kila kitu. Tofauti kubwa kati ya makundi haya mawili ni hiyo ardhi. Mengine, pamoja na ndoa za kuvuka huku na huku, yamechanganyika zamani.

6. Wanazungumza lugha gani? Nikisalimia kwa Kiswahili nitaeleweka?

Utaeleweka kila mahali. Kwa Matema na Ipinda utasikia Kinyakyusa, kwa Ikombe utasikia Kikisi. Ni lugha mbili kabisa. Wataalamu wameziweka hata kwenye makundi tofauti ya lugha za Kibantu, Kinyakyusa kundi M na Kikisi kundi G. Watu wengi wa Ikombe wanazijua zote mbili kwa sababu ya soko. Ni wachache wa tambarare wanaorudisha fadhila.

Ukitaka kumfurahisha mtu wa Matema, sema "mwagonile". Hiyo ni salamu ya heshima, na hata ukiitamka vibaya utajibiwa kwa kicheko kizuri. Asante ni "ndaga", na asante sana ni "ndaga fijo". Kwa mtu mzima, shikamoo haijapitwa na wakati huku: anza nayo kabla ya swali lolote, hata swali la bei.

7. Mbona majina mengi yanaanza na "Mwa"?

Mwakyusa, Mwaipopo, Mwakalinga na wengine utakaowakuta kila ofisi ya nchi hii: "Mwa" inaonyesha ukoo, mtoto wa fulani. Ukikutana na Mwa-fulani Dodoma au Mwanza, uliza tu "kwenu Rungwe au Kyela?" Utapata jibu, na pengine chakula.

8. Ni kweli zamani vijana walikuwa na vijiji vyao?

Ni kweli, na ni jambo lililowafanya Wanyakyusa wajulikane mbali. Wavulana wakifikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka nyumbani kwa wazazi kulala, wakajenga vibanda vyao pamoja na rika lao, na kijiji hicho kikakua pamoja nao mpaka wakaoa humo. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, kwa zamu, kundi zima. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walioishi hapa kati ya 1934 na 1938 waliandika mengi kuhusu desturi hiyo. Vijiji vya namna hiyo havipo tena, lakini waulize wazee kuhusu "rika" uone jinsi neno hilo linavyowabadilisha sura.

9. Wamisionari na Wajerumani waliacha nini?

Wamisionari wa Kilutheri wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer, waliingia Unyakyusa mwaka mmoja, 1891. Ulutheri ndio uliokaa Matema, na hospitali ya kanisa ipo mpaka leo. Serikali ya Kijerumani nayo ilijenga boma lake la mwanzo la Langenburg huku huku ufukweni, Lumbira, kusini ya Ikombe. Joto na malaria viliwashinda, wakahamia mlimani Tukuyu na kupaita Langenburg Mpya.

Kipande kingine kinachopendwa na wapenda historia ya vita: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, kusini zaidi kwenye ziwa hili. Wajerumani wa Liuli walikuwa hawajapata habari kwamba vita imeanza.

## Vyungu

10. Kwa nini ufinyanzi uwe hapa na si kwingine?

Watu hujibu "ni vipaji vya asili", na mimi sikubaliani na jibu hilo. Nenda Ikombe ukatafute shamba. Utaona mihogo imening'inia kwenye mteremko ambao mbuzi anaufikiria mara mbili. Mlima haukuwaachia Wakisi ardhi ya kulisha watu, lakini uliwaachia udongo wa kufinyanga, na ziwa likawaachia barabara. Ng'ambo ya barabara hiyo ya maji kuna tambarare iliyojaa mpunga, ndizi na mahindi, na watu wake wanahitaji chombo cha kupikia.

Basi biashara ikajiunda yenyewe: chungu kinakwenda, chakula kinarudi. Kwa vizazi vingi vyungu vilibadilishwa moja kwa moja na nafaka na ndizi, bila fedha kuonekana. Mtumbwi ni sehemu ya ufinyanzi huo kama udongo ulivyo. Chungu kikubwa hakibebeki kwa wingi kichwani kwenye njia ya mawe, lakini ndani ya mtumbwi, vikipangwa vyungu na nyasi katikati, vinafika salama kwa makumi.

11. Vinatengenezwaje? Kuna mashine?

Hakuna mashine, hakuna gurudumu la kufinyangia, na hakuna tanuri. Nitaeleza nilichokiona kwa mama mmoja niliyekaa naye asubuhi nzima.

Udongo ulikuwa umeshasafishwa mawe na mizizi, umekandwa kama unga wa maandazi. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, mbele yake kipande cha chungu cha zamani chenye umbo la sahani. Juu ya gae hilo aliweka bonge la udongo, akalitumbukiza ngumi katikati, kisha akaanza kupandisha kuta kwa vidole, huku mkono mwingine ukilizungusha gae polepole. Hilo gae ndilo gurudumu lake. Dakika chache tu, mdomo wa chungu ulikuwa umetokea, umekunjwa kwa nje, sawasawa pande zote bila kipimo chochote isipokuwa jicho.

Hapo akakiacha kikauke kidogo. Chungu kibichi sana kinajibonyea chenyewe, na kilichokauka sana kinapasuka ukikigusa, kwa hiyo alikuwa akirudi kukibonyeza kwa kidole kila baada ya muda huku akimenya mihogo. Kilipokuwa tayari alikigeuza, akakwangua kitako kwa kipande cha kibuyu mpaka kikawa cha mviringo na chembamba. Vyungu hivi vya kupikia havina kitako bapa, vinakaa juu ya mafiga matatu. Mwisho alikipaka udongo mwekundu na kukisugua kwa kokoto laini ya ziwani mpaka kikang'aa. Kokoto hiyo aliipewa na mama yake. Nilipoomba kuishika alinipa, lakini macho yake hayakuiacha.

Mapambo ni ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe, mistari na pembetatu shingoni na mabegani. Kuchoma kunafanyika nje: vyungu hulundikwa, hufunikwa kuni na nyasi, na moto huwashwa siku isiyo na upepo. Yale mabaka meusi unayoyaona kwenye chungu ni mahali ulimi wa moto ulipogusa. Si uchafu, na si kasoro.

12. Kwa nini ni wanawake tu? Mwanaume akifinyanga itakuwaje?

Kazi imegawanyika hivyo: mama humfundisha binti, na mwanaume ana mtumbwi na nyavu. Wanaume wanaingia kwenye kubeba, kupiga kasia na siku hizi kupakia vyungu kwenye magari. Mgeni wa kiume akiomba kujaribu hafukuzwi. Atapewa bonge, atazungukwa na watoto, na chungu chake kitaangukia upande mmoja kama kilivyoanguka changu.

13. Soko la vyungu ni lini na wapi?

Lyulilo, kila Jumamosi. Fika mapema, maana wachuuzi wa jumla kutoka Kyela, Tukuyu na Mbeya huchagua kwanza. Mitumbwi inaingia kutoka upande wa Ikombe na kushusha vyungu mchangani, na kwa muda ufukwe wote unakuwa mwekundu. Pamoja na vyungu kuna usipa mkavu, ndizi, mchele, nguo za mitumba na kila kinachouzwa kwenye mnada wa kijijini.

Siku nyingine unaweza kununua kwa mfinyanzi mwenyewe Ikombe (jinsi ya kufika, tazama swali la 23), ingawa akiba yake huwa ndogo baada ya Jumamosi.

14. Bei ni kiasi gani, na inapunguzwa?

Inategemea ukubwa na msimu, kwa hiyo kuandika tarakimu hapa ni kukudanganya. Kupunguziwa kupo. Utaratibu unakwenda hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Karibu vyungu."
"Hiki bei gani?"

Anataja. Wewe unakigonga kwa kifundo cha kidole, na hapa ndipo anajua kama unanunua au unatembea. Chungu kizima kinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa, hata usioonekana, kinatoa sauti iliyokufa. Ukigonga na kusikiliza, mazungumzo ya bei yanakuwa ya watu wawili wanaoelewana. Ila usishushe mpaka mama aone haya: kile ni kazi ya siku kadhaa, na kingine kilichochomwa pamoja nacho kilipasuka motoni bila kumlipa mtu.

15. Nimenunua chungu. Naanzaje kukitumia?

Usifanye nilivyofanya mimi. Chungu changu cha kwanza nilikifikisha nyumbani jioni, nikakiweka moja kwa moja juu ya mkaa uliokolea, maji kidogo ndani, na kabla sijamaliza kukatakata kitunguu kikapiga kelele na kugawanyika mara mbili. Maharage yalizima jiko.

Sababu ni kwamba udongo usiopakwa utando wa kioo una vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, na unyevu uliojificha humo ukipata moto wa ghafla hupanuka kuliko udongo unavyoweza kuvumilia. Loweka chungu kipya usiku mzima. Kesho yake kipikie uji mwepesi, au maji ya mchele, kwa moto mdogo sana kwa muda mrefu, kiache kipoe chenyewe, kisha mwaga. Wanga huziba vinyweleo. Baadhi ya watu hupaka mafuta ndani na nje baada ya hapo. Kuanzia siku hiyo kanuni ni moja: moto unakua pamoja na chungu, na maji baridi hayamwagwi kwenye chungu cha moto.

16. Kinafaa kwenye jiko la gesi au la umeme?

Gesi inawezekana ukiweka moto wa chini, ingawa kitako cha mviringo kitakusumbua kukisimamisha. Omba chenye kitako bapa, wafinyanzi wanatengeneza siku hizi kwa ajili ya watu wa mjini. Jiko la umeme la sahani halifai, kwa sababu joto lake linagusa sehemu moja tu. Mkaa ndio bora.

17. Ni kweli maji ya mtungi ni baridi kuliko ya ndoo?

Ni kweli, na si ushirikina. Vinyweleo vilivyotajwa kwenye swali la 15 vinaruhusu maji kidogo kujipenyeza mpaka nje ya mtungi, na yakikauka hapo huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi mzuri daima una jasho. Uweke mahali pa kivuli penye upepo. Na ndiyo maana chungu cha kupikia, kilichozibwa kwa uji, hakifai tena kuwa mtungi wa maji. Nunua viwili.

18. Navisafirishaje hadi Dar es Salaam?

Jaza chungu nguo zako kwa ndani, kizungushie majani makavu ya migomba, kiweke kwenye kapu au ndoo, na kibebe mapajani. Buti la basi ni makaburi ya vyungu. Wachuuzi wanaovipeleka kwa wingi hutumia nyasi nyingi na kuvipanga vikilaliana mdomo kwa kitako.

19. Sufuria na plastiki havijaua kazi hii?

Vimeipunguza. Sufuria haipasuki na ndoo haivuji, na mama wa kijijini mwenye watoto sita hana sababu ya kupenda urithi kuliko urahisi. Kuni nazo zimekuwa mbali, na kuchoma vyungu kunakula kuni.

Lakini soko la Jumamosi bado lipo. Linaendeshwa na watu wanaotaka maharage yapikike taratibu usiku kucha, wapishi wa pombe ya kienyeji, wauza maua mjini wanaotaka vyungu vya kupandia, na wenye hoteli. Kinachonitia wasiwasi mimi ni mabinti waliomaliza shule wanaoona udongo kama dalili ya kukosa kazi. Lakini siwezi kuwalaumu kama bei ya chungu kikubwa haifikii hata nauli ya kwenda Mbeya na kurudi.

## Ziwa na kinachotoka ndani yake

20. Samaki gani wanapatikana?

Usipa kwanza, dagaa wadogo wa fedha wanaovuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza ukiwa juu Ikombe utaona mstari wa taa juu ya maji kama mji ulioelea. Asubuhi wanaanikwa mchangani au kwenye vichanja.

Mfalme ni mbasa, samaki mkubwa wa fedha ambaye mvua zikianza hupanda mito ya Kyela kwenda kutaga. Ndipo anapokamatwa kwa wingi mdomoni mwa mito, na ndiyo sababu anapungua: anavuliwa kabla hajataga. Mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela ni mlo wa kupewa mkwe. Na huo mchele, ununue huku huku, kwa sababu mchele unaoitwa wa Kyela nchini ni mwingi kuliko Kyela yenyewe inavyoweza kulima.

Kwenye miamba ya upande wa mlimani kuna samaki wadogo wa rangi, bluu na njano, ambao wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa ziwa hili. Miwani ya kuogelea inatosha kuwaona.

21. Ule moshi unaosimama juu ya ziwa ni wa meli?

Si moshi. Ni kungu, wadudu wadogo kama mbu wasiouma, ambao hutoka majini mabilioni kwa pamoja na kuruka kwa safu ndefu kama nguzo za moshi. Upepo ukiwaleta nchi kavu, funga mdomo na funika chakula. Au fanya kama wanavyofanya wenyeji wa kandokando ya ziwa hili tangu zamani: wakusanye kwa vikapu, wakande, wakaushe, ule. Ladha yake inakumbusha dagaa waliosagwa.

22. Naweza kuogelea? Kuna mamba na kichocho?

Mchanga wa Matema ni mzuri na maji ni maangavu, na watu wanaogelea. Mamba wapo zaidi karibu na midomo ya mito na kwenye matete, kwa hiyo waulize wavuvi wa mahali hapo kabla ya kuingia, wala usiogelee jioni. Kichocho kipo katika Ziwa Nyasa. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Ukishaogelea, pima baada ya wiki kadhaa, dawa yake ni rahisi. Malaria ni suala zito kuliko yote mawili: lala ndani ya chandarua.

Hofu yangu kubwa ni upepo. Wavuvi wanauita mwera, unatoka kusini, na ziwa refu kiasi hiki linaupa nafasi ya kujenga mawimbi kabla hayajakufikia. Mwenye mtumbwi akisema "leo hapana", usiongeze hela.

## Kufika na kutembea

23. Nafikaje?

Kutoka Mbeya panda gari la Kyela kupitia Tukuyu, ukashuke njia panda ya Kikusya au uende Kyela mjini kwanza. Barabara ya Kikusya hadi Matema kupitia Ipinda, kama kilomita 39, ina lami sasa. Waliosafiri enzi za matope wanajua hiyo ni habari kubwa kiasi gani.

Ikombe hakuna barabara ya gari. Unakwenda kwa mtumbwi au kwa miguu ukifuata kinjia cha kando ya ziwa, kinachopanda na kushuka juu ya mawe. Nenda na mwenyeji, na beba maji.

24. Msimu gani ni mzuri?

Kuanzia Juni hadi Oktoba. Kyela ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Machi hadi Mei mito hufurika mpaka mashamba yanageuka ziwa la pili. Msimu huo vyungu navyo ni adimu: havikauki, na moto wa nje hauwaki.

25. Meli je?

Bandari ni Itungi na Kiwira, na MV Mbeya II hubeba abiria na mizigo kwenda kusini hadi Mbamba Bay. Ni safari nzuri kuliko zote za kuuona ukanda wa Wakisi ukiwa majini. Ratiba iulizwe bandarini.

## Mambo ya pembeni

26. Naruhusiwa kupiga picha wafinyanzi?

Omba kwanza, na nunua kitu. Aliyepigwa picha mara mia bila kuuza hata bakuli ana haki ya kukunja uso.

27. Nimeokota kigae cha zamani ufukweni. Nikichukue?

Kama ni kipande cha chungu kilichovunjika juzi, hakuna tatizo. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na wewe kwa macho tu huwezi kutofautisha, kwa sababu ufinyanzi wa hapa haukubadilika sana. Kiache, piga picha, mwonyeshe mwenyekiti wa kijiji.

28. Naweza kukodi mtumbwi nikavuka Malawi mara moja?

Hapana. Mpaka wa halali ni Kasumulu, kwenye daraja la mto Songwe, na pasipoti inagongwa huko. Yaliyosemwa kwenye swali la 2 yanatosha kukueleza kwa nini askari wa pande zote mbili hawana utani na mtumbwi wenye mgeni ndani.

29. Chungu changu kimepata ufa mdogo. Kinatengenezeka?

Kwa kupikia, hapana. Kwa kuhifadhi maharage makavu au kupandia maua, bado kina miaka mingi. Na kikivunjika kabisa, chagua kipande kikubwa chenye mviringo, ukimpelekee mama yeyote wa Ikombe. Atakizungusha mkononi mara mbili, na kama kimekaa vizuri atakiweka kando ya kokoto yake.